Je, Wajua Jinsi Simu Inavyokulinganisha na Mbwa?

Jioni, wakati matatu za nambari 46 ziendazo Kawangware zinapokwama katika msongamano wa Valley Road, si ajabu kumwona abiria aliyetoka kazini katikati ya jiji la Nairobi, ambaye pengine hajapata kufuga hata paka, ameinamia simu yake akijibu maswali juu ya nafsi yake: je, wewe hupenda karamu yenye watu wengi au mazungumzo ya watu wawili, ukipatwa na ghadhabu husema papo hapo au huifungia moyoni, safari huipangia ratiba au huiacha ijiendee? Maswali yakiisha simu humtolea picha ya mbwa, ikamwambia kwamba yeye ni Labrado, au ni Husky wa nchi za barafu, au ni chiwawa, kisha ikamsomea sifa zake kwa maneno matamu, naye huridhika nayo hata akawapelekea jamaa na marafiki ili nao wajipime.

Jaribio hili, lijapokuwa ni mchezo, limejengwa juu ya ilmu yenye historia. Mnamo 1921 Carl Jung, tabibu wa nafsi wa Uswisi, alichapisha kitabu ambamo aliwagawa watu kwa hulka zao, wale ambao nguvu zao huelekea nje kwa watu na wale ambao huelekea ndani. Na huko Marekani mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, ambao hawakusomea fani hiyo, wakayachukua maarifa yake wakayafanya mizani ya jozi nne, na kwa kuwa kila jozi ina pande mbili, hesabu yake hufikia aina 16 za watu. Mtunzi wa programu ya simu hana kazi kubwa ila kuandika jina la mbwa mbele ya kila aina. Programu nyingine hutumia hesabu ya tofauti: kila nasaba ya mbwa hupewa alama za uchangamfu, utiifu, utulivu na ujasiri, majibu yako nayo hukusanywa katika alama za namna hiyo hiyo, kisha mashine huwapitia mbwa wote mmoja mmoja, na yule ambaye tofauti yake nawe ni ndogo kuliko ya wenziwe ndiye atokezaye kiooni. Hapana siri nyingine ndani yake, na mtoto wa shule ajuaye kutoa na kujumlisha aweza kuifanya kazi hiyo kwa kalamu na karatasi.

Mbona basi jibu hutugusa? Bertram Forer, mwalimu wa saikolojia wa Marekani, alilifunua jambo hili mwaka 1948, alipowapa wanafunzi wake 39 mtihani wa hulka, na baadaye akamrudishia kila mmoja maelezo yaliyosemekana kuwa ni yake peke yake. Wakaombwa wayape alama, kuanzia sufuri hadi tano, kwa kadiri yalivyowasadifu, na wastani ukapita nne, ilhali wote walikuwa wamepewa maneno yale yale, mengi yao yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu. Mtu akiambiwa kwamba ni mkunjufu, walakini wakati mwingine hupenda kukaa peke yake, ni nani atakayekataa? Fauka ya hayo, mizani yenyewe haitulii, kwa kuwa wengi waliopimwa kwa mtihani wa Briggs na Myers, wakirudia baada ya majuma machache, huangukia aina nyingine.

Na mbwa naye amesingiziwa. Jaribio hudhani kwamba ukijua nasaba ya mbwa umekwisha kuijua tabia yake, na hilo ndilo walilolichunguza Elinor Karlsson na wenziwe wa Marekani, waliowahoji wenye mbwa 18,385 na kusoma chembe za urithi za mbwa 2,155. Walipotangaza matokeo yao katika jarida la Science, Aprili 2022, ilidhihirika kwamba nasaba hueleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa. Utiifu wa kufuata amri hutabirika kidogo kwa nasaba. Lakini wepesi wa kukasirika, yaani jambo lile lile ambalo vibao vya «Mbwa Kali» vilivyopigiliwa katika malango ya Lavington na Kileleshwa hulitangaza, nasaba haituambii juu yake ila kidogo mno.

Imani hii ya nasaba si ya jana, wala simu haikuizua. Kabla ya karne ya 19 mbwa alitambulika kwa kazi yake zaidi kuliko kwa daftari la ukoo, mpaka Waingereza walipoanza mashindano ya mbwa mwaka 1859 na kuunda chama chao, Kennel Club, mwaka 1873. Na desturi hiyo ikasafiri pamoja na walowezi hata ikafika vitongoji vya magharibi ya Nairobi. Karen Blixen, Mdenmaki aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong tangu 1914 hadi 1931, alifuga mbwa warefu wa Kiskoti wa kuwindia kulungu, na mmoja wao, Dusk, amemtaja katika kitabu chake cha 1937. Mbwa wa namna hiyo alikuwa alama ya hadhi ya bwana wake, na aambiwaye leo na simu kwamba yeye ni mbwa fulani hupokea heshima iyo hiyo, tena bila gharama ya chakula.

Lakini gharama nyingine yaweza kuwapo. Mwaka 2014 watu 270,000 hivi walijibu jaribio la tabia lililotungwa na Aleksandr Kogan, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na kwa kuwa programu yake iliruhusiwa kuchota habari za marafiki zao pia, Facebook ilikiri mwaka 2018 kwamba habari za watu hadi milioni 87 huenda ziliifikia kampuni ya ushauri wa siasa, Cambridge Analytica. Kampuni hiyo haikuwa ngeni Nairobi, kwani mkuu wake mmoja alirekodiwa kwa siri akijisifu kwa kazi iliyofanya katika kampeni za Kenya za 2013 na 2017. Sisemi kwamba jaribio la Kogan lilitumika hapa. Nasema kwamba majibu juu ya ghadhabu na hofu zako ni mali, na tangu Novemba 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data, yenye kamishna wake huko Upper Hill, inayokupa haki ya kuuliza habari zako zinatumiwaje na kutaka zifutwe.

Ama yule anayetaka mbwa kwa dhati, maswali yampasayo ni mengine kabisa. Husky alizalishwa Siberia ili avute sileji masafa marefu. Mtu akimweka katika fleti ya ghorofa ya tisa Kilimani, akaondoka alfajiri na kurejea usiku, hulka yake ya ukunjufu haitamfaa mnyama huyo hata kidogo. Ni nani atakayemtembeza? Je, mwenye nyumba amekubali? Fedha za chakula na za chanjo ya kichaa cha mbwa zipo? Daktari wa mifugo atayauliza hayo kabla ya kuuliza kama wewe hupenda karamu.

Tena kuna mbwa ambaye simu haimtaji kabisa, naye ndiye aliye tele: mbwa koko. Watu humdhania kuwa mchanganyiko wa mbwa wa Kizungu waliopotea ukoo, kumbe uchunguzi wa chembe za urithi za mbwa 318 wa vijijini katika Uganda, Misri na Namibia, uliotangazwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wale wa Uganda ni ukoo wa Kiafrika wenye asili yao wenyewe. Mbwa wa namna hiyo wasio na cheti hungoja watu wa kuwachukua katika makao ya KSPCA, chama cha kuwalinda wanyama, huko Karen, nami naona wana fadhila moja ambayo hakuna jaribio liwezalo kuipita: mbwa aliyekwisha kukomaa, tabia yake iko wazi, na mtu akienda akakaa naye saa moja, akamwona anavyompokea mgeni na anavyowatazama watoto, atajua habari zake nyingi kuliko zile ambazo nasaba ingemwambia.