Si Nguvu za Giza

Kila nikitaja nishati ya giza mbele ya watu, hakosi mmoja wa kuuliza kama ndiyo ile inayokemewa kwenye mikesha. Siyo. Zile ni nguvu za giza, na hizo waulize wanaozijua. Nishati ya giza ni jina walilolipa wanafizikia jambo linalofanya ulimwengu utanuke kwa kasi inayozidi kuongezeka. Imeitwa ya giza kwa kuwa hakuna ajuaye ni kitu gani. Akitokea wa kukuuzia bangili ya "kuivuna" mwilini, mpigie hesabu: katika chumba cha mita 5 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, nishati ya giza yote iliyomo haitoshi kumwinua mbu mmoja sentimita moja. Ni kwa ukubwa wa anga tupu tu ndipo inafika kama asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni.

Nilikusudia kuanza na Einstein na hesabu zake za 1917, lakini bila karabai hatufiki. Simama ufukweni usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wamewasha. Kama karabai zote zina ukali mmoja, inayofifia ndiyo iliyo mbali. Umbali ukiwa maradufu, mwanga unaokufikia ni robo. Angani, karabai yetu ni nyota kibete nyeupe inayolipuka. Nyota hizo hazilingani ukali sawasawa, ila zinazong'aa zaidi huchelewa kufifia, kwa hiyo ukihesabu siku unaupata ukali wake wa kweli.

Mwaka 1998 timu mbili, moja ya Saul Perlmutter, nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess, zilikuwa zikipima milipuko hiyo zijue mvutano umepunguza mwendo wa kutanuka kiasi gani. Zikakuta ya mbali ni hafifu mno: umbali wake umezidi matarajio kwa asilimia 10 hadi 15. Mwendo haukupungua, umeongezeka.

"Labda ni vumbi tu," husema mjuaji wa kiti cha nyuma. Vumbi humeza mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na wekundu huo haukuonekana. Tena darubini ya Hubble ilipoipata milipuko ya mbali zaidi, ilikuwa angavu kuliko ambavyo vumbi lingeruhusu, kwa sababu zama zile mata ilisongamana na mvutano ndio ulioshinda. Mambo yaligeuka kama miaka bilioni 5 iliyopita.

Einstein atasubiri sura ijayo.