Miguu Huchoka, Ulimi Hubaki

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Methali hii ina jambo moja ambalo aghalabu hatulizungumzii darasani: haisemi mchezaji atatuzwa kwa muda gani. Mwanasoka hujaliwa miaka kumi, pengine kumi na mitano, kabla ya goti kuanza kumwasi. Baada ya hapo hubakia na miaka thelathini au arubaini ya kuishi, na jina tu mkononi. Swali ninalotaka tulitafakari leo, mpenzi msomaji, ni hili: mchezaji akistaafu atakula nini, na sisi tunaofundisha lugha tuna dhima gani katika jambo hilo?

Swali hili si geni katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Mtaa wa Ziwani ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa mji huu. Mwanafunzi wa mofolojia huyafurahia majina ya huko: Ziwani na Makongeni, yote yanabeba kiambishi -ni cha mahali. Huko Ziwani ziwa hulioni, lakini kila penye uwazi kati ya nyumba pana mpira wa makaratasi na vijana wanaoukimbiza. Kila mmoja wao anajiona mchezaji. Ni wachache walioambiwa kwamba kandanda ina kazi nyingine mbili zinazodumu kuliko uchezaji: ukufunzi na utangazaji. Kazi hizo mbili hufanywa kwa ulimi.

Tuanze na Joe Kadenge, aliyezaliwa mwaka wa 1935 na kufariki Julai 2019. Kadenge aliichezea Abaluhya, klabu ambayo leo inaitwa AFC Leopards, pamoja na timu ya taifa. Wakenya waliomwona uwanjani kwa macho yao ni wachache wakilinganishwa na wale waliomjua kwa masikio. Waliomsikia walimpata kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela, aliyejiunga na Sauti ya Kenya mwaka wa 1964 na ambaye alituaga Februari 2025. Mbotela ndiye aliyekuwa akitangaza, "Kadenge na mpira!" Maneno hayo yakavuka uwanja yakawa msemo wa taifa zima, hata vinywani mwa vijana waliozaliwa muda mrefu baada ya Kadenge kutundika daluga.

Hebu tuyatazame maneno hayo kwa jicho la isimu. Hayana kitenzi kamili. Sarufi ya darasani ingedai "Kadenge ana mpira", lakini mtangazaji amekidondosha kiambishi cha nafsi akabakisha na tu, kwa kuwa mpira hausubiri. Vivyo hivyo mtangazaji husema "Apiga! Adaka kipa!" Hapo ametumia wakati wa -a-, ambao wanafunzi wetu huusoma kitabuni na kuusahau, kisha akakitanguliza kitenzi, kiima kikafuata nyuma. Huo si uzembe wa lugha. Ni lugha iliyojifunza kukimbia sambamba na mchezo.

Kadenge naye alijaribu ngazi ya pili. Mwaka wa 2002 alikuwa mkufunzi wa Harambee Stars. Hata hivyo, ukufunzi wa timu ya taifa ni kiti cha moto, na hakuna anayekikalia kwa muda mrefu. Wakazi wa Nairobi wanakumbuka kwamba gwiji huyu aliendesha teksi katika miaka yake ya baadaye. Kazi ya teksi ni ya halali na haina aibu. Lakini inatupasa kujiuliza: mtu aliyeujua mpira kiasi kile, maarifa yake yalienda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda naye kaburini, kwa sababu taifa lililolipenda jina lake halikumpa kipaza sauti ili alieleze kile ambacho miguu yake ilikuwa ikijua.

Sasa tumwangalie mtu aliyepitia njia tofauti. Jacob Mulee, ambaye wengi humjua kwa lakabu ya Ghost, ndiye aliyeiongoza Harambee Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka wa 2004. Kenya ilishindwa na Mali mabao 3-1, ikalazwa na Senegal 3-0, kisha Februari 2 ikaichapa Burkina Faso 3-0 kwa mabao ya Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo, ingawa tulikuwa tumeshiriki tangu mwaka wa 1972.

Mulee hakungoja kuitwa tena ndipo ale. Alijenga kazi nyingine katika utangazaji. Pamoja na Joseph Ogidi, aliendesha kwa miaka kipindi cha asubuhi katika Radio Jambo, na kwenye televisheni akawa mchambuzi wa soka. Aliporejea kuinoa timu ya taifa Oktoba 2020, aliiongoza kutoka sare ya 1-1 na Misri jijini Nairobi na kuishinda Togo 2-1 jijini Lomé, yote hayo Machi 2021. Lakini Kenya haikufuzu, na Septemba mwaka huo akaachana na kazi hiyo. Kiti cha moto kilimtoa kama kilivyowatoa wenziwe. Tofauti ni kwamba alikuwa na ufundi mwingine wa kumweka mjini.

Kuna siri ya kisarufi katika tofauti ya kazi hizi. Mtangazaji husema lililopo: apiga, adaka, akosa. Kocha anayechambua husema lile ambalo lingekuwapo: "Kipa angetoka mapema, mshambuliaji hangepata nafasi ya kupiga." Sarufi ya mtangazaji ni wakati wa -a-, sarufi ya kocha ni hali ya masharti ya -nge-. Ninyi walimu mnajua ni wanafunzi wangapi huichanganya -nge- na -ngali-, au hushindwa kuikanusha. Basi mfano bora wa kuifundisha uko katika mchezo ambao mwanafunzi ameuota usiku kucha.

Jumamosi moja nilipokuwa nikipita Ziwani nilimwona mvulana mdogo ambaye hakuchaguliwa katika timu yoyote. Alikuwa ameketi kando, amekamata chupa tupu kama kipaza sauti, akiwatangaza wenzake. Alitumia "lango", "mkwaju" na "kuotea" bila kufikiri, akawapa wachezaji wa mtaani majina ya nyota wa Uingereza, na pale lugha ilipomkwama aliingiza Sheng. Mtu mmoja mzima aliyepita alimwamuru anyamaze, aende akasome. Nilijiuliza kama mtoto yule hakuwa akisoma.

Najua baadhi ya walimu watanipinga. Watasema redio imeharibu Kiswahili na kwamba kuwaruhusu wanafunzi watangaze mpira ni kuifungulia Sheng mlango wa darasa. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini katika Karatasi ya Pili ya mtihani wa kidato cha nne tunawauliza watahiniwa maswali ya isimujamii, na sajili ya michezo haiwi mbali. Mwanafunzi hukariri sifa zake: sentensi fupi, uradidi, chuku, kuchanganya ndimi. Anazitaja, anapata alama, na hajawahi kutangaza hata dakika moja ya mchezo. Tumemfundisha kuogelea kwa kumsomea maelezo ya maji. Isitoshe, sajili hujulikana mipaka yake na anayeitumia. Kocha ana maneno ya chumba cha kubadilishia nguo na mengine ya studio, naye anajua lini avae yapi. Mwanafunzi atajifunza kuiacha Sheng nje ya studio akipewa studio.

Tazama wenzetu wa mbali. Nchini Australia, Robert Walls aliichezea klabu ya Carlton katika kandanda yao ya mpira wa duaradufu, akarudi kuifunza na kutwaa nayo ubingwa mwaka wa 1987, kisha akawa mchambuzi katika vyombo vya habari hadi uzeeni. Alifariki mwaka wa 2025. Maarifa ya miguu yake yaliwafikia watu ambao hawakuwahi kumwona akicheza. Sioni sababu ya kijana wa Ziwani kukosa ngazi kama hiyo, ilhali lugha ya kuipandia anayo tangu utotoni.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha wala mtaala mpya, kwa kuwa kusikiliza na kuzungumza tayari ni sehemu ya somo letu. Mwalimu atenge dakika kumi kwa wiki. Wanafunzi wawili wasimame mbele: mmoja atangaze mchezo wa shule uliopita, mwingine achambue. Darasa liwasahihishe: hapa kiima kimepotea, pale -nge- imekosewa, neno hili lina Kiswahili chake. Wachezaji wa timu ya shule ndio waitwe kwanza, wale ambao huketi nyuma wakiamini kwamba lugha haiwahusu.

Nanyi wanafunzi mnaocheza, chezeni kwa bidii zote. Ila jioni, mnapofungua kamba za viatu, kila mmoja wenu amweleze mwenzake kwa Kiswahili kilichonyooka ni kwa nini bao lile liliingia. Anayeweza kulieleza ana kazi inayomngoja siku goti litakapokataa.