Xbox 360 za mtumba: Soma kibandiko kabla ya kutaja bei

MFANYABIASHARA anayenunua mashine za gemu za mtumba aina ya Xbox 360 hununua pia historia ya kila mashine. Iliyong'arishwa na kuwaka vizuri mbele ya mnunuzi inaweza kurudishwa dukani baada ya wiki mbili, na faida ikaishia kwa fundi.

Microsoft iliingiza mashine hiyo katika soko la Marekani Novemba 22, 2005. Muda si mrefu wateja walianza kulalamikia taa tatu nyekundu, ishara kwamba mashine imekufa. Julai 2007 kampuni ilirefusha dhamana ya kasoro hiyo hadi miaka mitatu, na kutenga kati ya dola bilioni 1.05 na bilioni 1.15 kwa ajili hiyo.

Chanzo ni joto. Chipu ya picha hupata moto mashine inapowashwa na kupoa inapozimwa. Kule kutanuka na kusinyaa hupasua viungo vidogo vilivyomo ndani ya chipu. Kuipasha bodi moto, au kuiwasha mashine ikiwa imefungwa taulo, huamsha mashine kwa muda tu. Kwa hesabu za biashara hilo ni deni lililosogezwa mbele, na mlipaji ni mnunuzi wa mwisho.

Kwa mashine za umbo la zamani, kibandiko cha nyuma kinaonyesha ampea kwenye volti 12. Yenye 16.5 ina bodi ya mwanzo na hatari yake ni kubwa. Yenye 14.2 ni ya kuanzia mwishoni mwa 2007, na ina nafuu. Yenye 12.1, iliyoanza mwishoni mwa 2008, ina chipu ya picha isiyokula umeme mwingi na ndiyo ya kuaminika zaidi. Toleo jembamba lilitoka mwaka 2010. Tazama pia muhuri mdogo ulio chini ya kipande cha mbele kinachobanduka: ukiwa umechanika, mashine imeshafunguliwa.

Si kila taa nyekundu ni hasara. Taa nne humaanisha waya wa picha haujakaa sawasawa. Taa mbili ni joto kupita kiasi, jambo ambalo huenda likamalizwa kwa kusafisha vumbi na feni. Trei inayogoma kufunguka mara nyingi ina mkanda wa mpira uliochoka. Lakini kisoma diski kimefungwa kwa ufunguo maalumu na bodi kuu. Kikibadilishwa, fundi lazima ahamishe bodi yake ndogo ya awali, la sivyo gemu hazitasomeka.

Wanaoagiza mzigo kutoka Marekani waongeze gharama ya adapta, kwani ya huko ni ya umeme wa takriban volti 110. Ikichomekwa kwenye umeme wa Tanzania au Kenya huungua.

Zipo pia mashine zilizobadilishwa. Baadhi zimewekewa programu nyingine kwenye kisoma diski. Nyingine, kwa njia iliyojulikana mwaka 2011, zimelehemiwa chipu ndogo kwenye bodi ili gemu zichezwe kutoka diski kuu. Wenye vibanda huzipenda kwa kuwa hazitegemei diski. Hata hivyo, gemu za kunakili huvunja haki miliki, lehemu mbaya huua bodi, na Microsoft huzifungia mtandao. Novemba 2009 mashine nyingi zilifungiwa kwa mkupuo, na aliyenunua bila kujua hakuwa na pa kudai.

Duka la mtandaoni la Xbox 360 lilifungwa Julai 29, 2024, hivyo anayetaka gemu halali sasa hutegemea zaidi diski. Ndiyo maana kisoma diski kizima ni sehemu ya thamani ya mashine. Mwenye mtaji mdogo ajaribu gemu kwa saa nzima kabla ya kulipa, kisha aandike ampea na hali ya muhuri kwenye stakabadhi. Muuzaji akikataa majaribio hayo, mzigo na ubaki kwake.