MTOTO HUFUNDISHWA KUKAA. JE, WAMFUNDISHA NA KUSEMA?

Ndugu mkulima, ng'ombe wako akizaa, waijua siku. Mahindi yako yakifika magotini, huhitaji kuambiwa na Bwana Shamba kwamba wakati wa kuongeza mbolea umefika. Lakini nikikuuliza leo mtoto wako mchanga ana miezi mingapi, na katika miezi hiyo amekwisha kujifunza nini, je, utanijibu upesi? Mimi niliwahi kushindwa, ingawa ni karani wa ofisi ya kilimo na nilisomea ualimu.

Ulikuwa wakati wa palizi, naye mama yangu alikuja kututembelea. Mtoto wetu alikuwa na miezi saba. Mchana kutwa alikuwa mgongoni mwa yaya, au amelala juu ya gunia mwisho wa mstari wa mahindi. Mama alimtazama, kisha akaniuliza, "Baba, nani anamfundisha huyu kukaa?"

Nikacheka. "Mama, mtoto hafundishwi kukaa. Siku yake ikifika atakaa."

Mama hakunijibu. Alichukua jembe, akachimba shimo dogo kando ya ghala, akatandika blanketi, akamketisha mtoto humo. Kingo za shimo zikamshika kiuno na mgongo. Akafanya hivyo kila asubuhi na kila jioni, naye akiketi karibu. Baada ya majuma matatu mtoto alikaa peke yake juu ya mkeka. Mimi niliyefundishwa kufundisha nikawa mwanafunzi.

YALIYOONEKANA KOKWET

Baadaye nilisoma habari za Kokwet, nikafahamu kwamba Mama hakubahatisha. Kokwet ni kijiji cha wakulima katika nchi ya Wakipsigis, kusini ya kwetu Eldoret. Ni watu wa skimu kama sisi. Walipewa mashamba wakati wa Uhuru wa 1963, katika ardhi iliyokuwa ya Wazungu. Kati ya miaka 1972 na 1975 wataalamu wawili kutoka Marekani, Charles Super na mkewe Sara Harkness, walikaa huko wakiangalia jinsi watoto wanavyolelewa.

Kabla yao, daktari Marcelle Geber aliwapima watoto wa Kampala katika miaka ya 1950, akasema kwamba mtoto wa Kiafrika huzaliwa akiwa ametangulia. Super aliona sababu nyingine. Kweli watoto wa Kokwet walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa muda wa kama mwezi mmoja. Lakini mama zao walikuwa wakiwafundisha. Waliwaketisha katika shimo kama lile la Mama, wakawarusharusha mapajani, wakawashika mikono na kuwatembeza. Katika mambo ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, watoto hao hawakutangulia. Na kwa Wateso, ambako mama walio wengi walisema kwamba humfundisha mtoto kutambaa, watoto walitambaa mapema.

Basi, somo ni hili: mtoto hutangulia katika jambo lile analozoezwa kila siku.

NA MANENO JE?

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize sana. Wengi wetu hufundisha miguu, tukasahau kichwa. Hata Kokwet, akina mama walidhani kwamba mtoto hujifunza kusema kutoka kwa watoto wenzake, kwa hiyo wao wenyewe hawakumsemesha sana mtoto mchanga. Je, nyumbani kwako si hivyo? Nyumbani kwangu ilikuwa hivyo.

Mtoto azaliwapo, ubongo wake una uzito wa kama robo ya ubongo wa mtu mzima. Afikapo miaka miwili, umekwisha kufika kama sehemu nne katika tano. Hakuna wakati mwingine wa maisha ambapo ubongo hukua upesi hivyo. Ukikosa msimu wa kupanda, mbegu njema haitakusaidia sana. Kadhalika, usingoje mtoto aende shule ndipo aanze kusikia maneno.

Kazi hii haitaki fedha. Unapomnyonyesha, mtazame usoni na mwite jina lake. Akitoa sauti, mjibu, kisha nyamaza umpe nafasi ajibu tena. Unapomwogesha, taja mkono, taja sikio. Unapochambua maharagwe, mpe kikombe cha bati na kijiko cha mti agonge. Mwimbie kwa lugha ya nyumbani. Hiyo ndiyo atakayoielewa kwanza. Na wewe baba, usiseme kwamba hii ni kazi ya wanawake. Ukirudi kutoka kukamua, mchukue mtoto, mwonyeshe ndama, mwambie jina lake.

USIMLINGANISHE, LAKINI USILALE

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza vipimo vilivyopatikana kwa watoto wenye afya wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Karibu wote walikaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9, wakatembea peke yao kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Wachache hawakutambaa kamwe kwa mikono na magoti, wakatembea vizuri tu. Basi, mtoto wa jirani akitembea kwa miezi 10 na wako kwa miezi 15, usifanye wivu wala usimlazimishe. Na aliyezaliwa kabla ya siku zake, hesabu miezi tangu siku ile aliyotazamiwa kuzaliwa.

Lakini mpeleke kliniki bila kungoja ukiona mambo haya:

1. Amefika miezi 3 na hajamchekea mtu yeyote.
2. Amefika miezi 5 na shingo yake bado haina nguvu.
3. Hashtuki wala hageuki asikiapo sauti.
4. Amepita miezi 9 na hawezi kukaa, au amepita miezi 18 na hatembei.
5. Mwili wake ni mlegevu mno au mgumu mno, au upande mmoja haufanyi kazi.
6. Amepoteza jambo alilokwisha kuliweza.

Chukua kijitabu chake cha kliniki uende nacho. Ikifaa, watakuandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa hapa Eldoret. Nawasihi sana, msimfiche mtoto wa namna hiyo chumba cha nyuma kwa kuogopa maneno ya majirani. Si laana, wala si aibu ya mama. Shimo la kukalia halitamponya aliye mgonjwa. Lakini mtoto asiyesikia au mwenye miguu dhaifu akisaidiwa mapema hupata faida kubwa kuliko akiletwa akiwa na miaka sita.

SIKU ATAKAYOANZA KUTAMBAA

Mtoto akianza kutambaa, nyumba yako hubadilika. Dawa ya kupe uliyoitia katika chupa ya soda ukaiweka chini ya kitanda, sasa ameifikia. Iache katika chombo chake chenye maandishi, uifungie juu. Zungushia jiko kizuizi. Funika pipa la maji na usiache karai lenye maji chini. Na kwa kuwa mwili haujengwi na mazoezi peke yake, mpe maziwa ya mama tu hadi miezi 6, kisha anza uji mzito, mayai na mboga, huku akiendelea kunyonya.

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kesho asubuhi, kabla hujashika jembe, kaa na mtoto wako kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, useme naye. Atakujibu kwa sauti zisizo na maana. Mjibu vilevile, maana ndivyo maneno yanavyoanza.