Syria, sarini na swali la "nani": mabishano yaliyobaki nyuma ya tani 1,300

Kwa sisi tuliosoma agronomi, sarini haiko kitu cha kutoka mbali. Iko ndugu wa dawa tunazopulizia wadudu. Mwaka 1936 Gerhard Schrader, mkemia wa kampuni ya IG Farben huko Ujerumani, alikuwa anatafuta dawa ya kuua wadudu wa mashamba, akaangukia tabuni. Miaka miwili kisha ikatoka sarini. Zote ni familia ya organofosfati, ile ile ya malathioni. Zinazuia mwili kutuliza misuli: mdudu anatetemeka, pumzi inakatika, anakufa. Mtu vile vile, ila sarini inahitaji kiasi kidogo sana.

Ninaanzia hapo kwa sababu wengi wanafikiri kukagua silaha za kemikali ni sawa na kukusanya bunduki: unahesabu, unapakia, unachoma, kazi imeisha. Lakini kemikali haina alama ya jeshi. Klorini inasafisha maji ya kunywa. Isopropanoli, ambayo inaingia katika kutengeneza sarini, ni alkoli ya kawaida ya hospitali na ya viwanda. Njo maana mkataba unaomba kila nchi yenyewe itangaze iko na nini na kwa kazi gani, halafu wakaguzi wanalinganisha karatasi na mapipa. Kama mwenye kutangaza anaficha, wakaguzi wanabaki kuuliza maswali. Na kumwuliza serikali maswali ni kazi ya diplomasi, si ya labo.

Sasa Syria. Tarehe 21 Agosti 2013, roketi zenye sarini zilianguka Ghouta, pembeni ya mji wa Damasko. Mamia ya watu walikufa, watoto wengi ndani. Obama alikuwa amesema mwaka mmoja mbele kwamba silaha za kemikali ni mstari mwekundu, kwa hiyo dunia yote ilingoja mabomu ya Marekani. Bunge la Uingereza likakataa vita kwa kura 285 kwa 272. Obama naye akapeleka jambo kwa Congress yake. Katika ule mwanya Urusi ikaingia na pendekezo: Syria itoe silaha zake zote, ziharibiwe mbele ya macho ya dunia. John Kerry na Sergei Lavrov walikubaliana Geneva tarehe 14 Septemba, na Syria ikaingia katika mkataba.

Bakubwa wakapeana mikono, lakini tuangalie vizuri kile ambacho hawakupatana. Marekani, Ufaransa na Uingereza walitaka azimio la Baraza la Usalama liwe chini ya Sura ya Saba. Sisi Wakongomani tunaijua hiyo Sura: njo inaipa MONUSCO ruhusa ya kutumia nguvu, na mwaka ule ule wa 2013, mwezi wa tatu, azimio 2098 liliunda chini yake ile brigedi ya kupambana na makundi yenye silaha huku mashariki. Urusi haikutaka kitu kama hicho kwa Damasko. Ilikuwa na Libya ya 2011 kichwani, ambako ruhusa ya kulinda raia iliishia kwa kuanguka kwa Gaddafi. Azimio 2118, la tarehe 27 Septemba 2013, likatoka na maneno ya katikati: Syria isipotii, Baraza litachukua hatua chini ya Sura ya Saba. "Litachukua", siku za mbele. Maana yake litapiga kura tena, na kwenye ile kura Urusi iko na veto. Adhabu iliandikwa, lakini ufunguo wake ulibaki mfukoni mwa rafiki wa mshitakiwa.

Kazi ya kuharibu, kusema kweli, ilifanyika vizuri kuliko watu wengi walivyotazamia. Tani karibu 1,300 zilizotangazwa zilitolewa kupitia bandari ya Latakia, katikati ya vita, na meli za Denmark na Norway. Shehena ya mwisho iliondoka tarehe 23 Juni 2014. Sehemu mbaya kabisa iliharibiwa baharini ndani ya meli ya Marekani, Cape Ray, kwa sababu si rahisi kupata nchi ya kukubali takataka ya namna ile nyumbani kwake. OIAC, shirika la La Haye linalosimamia mkataba, lilipata Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2013.

Basi juu ya nini mabishano hayakuisha? Kwa sababu zile tani zilikuwa zile zilizotangazwa. Wakaguzi waliendelea kukuta mambo ambayo hayalingani na karatasi, na Damasko ikarekebisha tangazo lake mara nyingi. Halafu klorini ikaanza kuanguka kutoka helikopta. Klorini haikuwa kwenye orodha ya kuharibiwa, juu haiko silaha mpaka pale mtu anapoitumia kuua. Hapo swali likageuka: si tena "iko wapi?", bali "nani ameitumia?"

Wachunguzi wa Ghouta hawakuwa na ruhusa ya kujibu hilo swali. Walitumwa kusema kama kemikali ilitumika, basi. Mwezi wa nane 2015, azimio 2235 likaunda kikosi cha pamoja cha ONU na OIAC chenye ruhusa ya kutaja jina, na Urusi yenyewe ikapiga kura ya ndiyo. Kikosi kilitaja pande mbili: jeshi la Syria kwa klorini, na Daesh kwa gesi ya haradali huko Marea. Tarehe 4 Aprili 2017 sarini iliua watu zaidi ya 80 Khan Shaykhun. Labo zilionyesha kwamba ile sarini inaelekea sana ilitengenezwa kwa kemikali ya akiba ya zamani ya serikali, ile iliyosemwa imeisha. Kikosi kikataja serikali. Mnamo Oktoba na Novemba 2017, Urusi ilitumia veto mara tatu kuzuia muda wake usiongezwe, na kikosi kikafa.

Urusi ilikuwa na hoja. Ilisema wachunguzi hawakufika Khan Shaykhun wenyewe, na sampuli zilipita mikononi mwa wapinzani wa Assad. Mtu aliyewahi kuchukua sampuli za udongo anajua uzito wa swali hilo: sampuli bila historia yake ni udongo tu. Lakini dawa ya sampuli mbovu ni kuchukua nyingine, si kufunga labo. Na upande wa pili nao haukuwa msafi. Tarehe 14 Aprili 2018 Marekani, Uingereza na Ufaransa walipiga Syria makombora kwa sababu ya shambulio la Douma, wakati wachunguzi wa OIAC walikuwa ndiyo kwanza wanafika Damasko.

Kisha nchi nyingi zikafanya ujanja mmoja ambao ninauona wa akili. Walihamisha swali kutoka New York, ambako veto iko, kupeleka La Haye, ambako kila mwanachama ana kura moja. Mwezi wa sita 2018, kwa kura 82 kwa 24, OIAC ikapewa ruhusa ya kutaja wenye makosa. Mwaka 2021 Syria ikanyimwa haki ya kupiga kura mle ndani. Mwezi wa kwanza 2023 ripoti ya Douma ikataja jeshi la anga la Syria.

Wengine watauliza CPI ilikuwa wapi, sisi ambao tumeona Wakongomani wakipandishwa ndege kwenda La Haye. Syria haiko mwanachama wa CPI, na azimio la kuipeleka huko lilikufa mwezi wa tano 2014 kwa veto ya Urusi na China. Imebaki mahakama za nchi moja moja. Majaji wa Ufaransa walitoa hati ya kumkamata Assad mwaka 2023 kwa ajili ya Ghouta. Mwezi wa saba 2025 mahakama yao ya juu ikaifuta, kwa kuwa wakati inatolewa alikuwa bado rais na kinga yake, ila ikasema hati mpya inawezekana. Assad yuko Moscow tangu Desemba 2024. Wakubwa wapya wa Damasko walimpokea mkurugenzi wa OIAC, Fernando Arias, mwezi wa pili 2025, wakaahidi kufungua milango, na hesabu ya mapipa imeanza upya.