Leza mbili na neno «machafuko»

Anayetafsiri makala ya fizikia kwa Kiswahili hukutana mapema na neno la Kifaransa «chaos», na wengi wetu huandika «machafuko» bila kusita. Jaribio moja la Georgia Tech, mjini Atlanta, lililochapishwa mwaka 1994, laonyesha kwamba tungepaswa kusita.

Tuanze na leza yenyewe. Katika leza ya kitu kigumu, mwangaza hutoka ndani ya fuwele, mara nyingi ile iitwayo Nd:YAG, iliyotiwa atomi chache za neodimi. Atomi hizo hulishwa nishati kutoka nje, nazo huweza kuitunza kwa mikrosekunde 230 hivi. Mwangaza hukaa kati ya vioo vya leza kwa muda mfupi zaidi sana. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha matata: nishati hulimbikana, mwangaza hulipuka, akiba hupungua, kisha hulimbikana tena. Ukiiongeza na kuipunguza nishati inayoingia kwa mapigo yanayokaribia mdundo huo wa asili, nguvu ya mwangaza yaweza kuanza kupanda na kushuka pasipo kujirudia kamwe.

Hiyo ndiyo «chaos». Lakini kila mruko hufuata milinganyo inayojulikana, na ndani ya milinganyo hiyo hamna bahati nasibu. Kinachotushinda ni kutabiri mbali, kwa sababu tofauti ndogo kabisa ya mwanzoni hukua haraka.

Mwaka 1990 Louis Pecora na Thomas Carroll walikuwa wameonyesha kwamba mifumo ya namna hiyo yaweza kuoanishwa. Rajarshi Roy na K. Scott Thornburg wakawasha leza mbili sambamba ndani ya fuwele moja. Zilipokuwa mbalimbali, kila moja ilirukaruka kivyake. Ziliposogezwa hata mwangaza wa moja ukaingia katika ya pili, zilipanda na kushuka pamoja, bila kuacha mwendo wao usiotabirika.

Sasa turudi kwenye tafsiri. «Machafuko mawili yanayokwenda pamoja»: msomaji wa kwetu, ambaye neno hilo humjia na milio ya risasi, ataelewa nini? «Fujo» si afadhali. «Kao», kwa matamshi ya Kifaransa, lagongana na umoja wa «makao». Mimi napendelea «mwendo usiotabirika wenye kanuni». Ni jina refu, na mhariri yeyote atanung'unika, ila laeleza kwa nini leza mbili zaweza kupatana. Mwenye neno fupi alilete.