Fyuzi Hulinda Waya, Si Redio

Kuna swali ambalo nimezoea kuwauliza wanafunzi wa fizikia kila ninapoalikwa katika shule zao: fyuzi ndani ya gari huwekwa ili ilinde nini? Jibu huja kwa kauli moja, tena kwa sauti ya kujiamini. Hulinda redio, wananiambia, hulinda taa, hulinda chombo kinachotumia umeme. Nikiwageukia walimu wao, aghalabu nao hukubaliana na jibu hilo. Ama kwa hakika, hapo ndipo penye kiini cha kadhia ninayotaka kuijadili leo, kwa sababu mtu anayeamini kwamba fyuzi ni mlinzi wa redio hawezi kuelewa kwa nini matatu huwaka moto.

Fyuzi hulinda waya. Ni kiungo dhaifu kilichowekwa makusudi, kipande chembamba cha metali ambacho mkondo ukizidi kiasi fulani huyeyuka kabla waya wenyewe haujapata moto. Redio ikiharibika ndani kwa ndani, imekwisha kuharibika, fyuzi haitaifufua. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba uharibifu huo haugeuki kuwa moto unaopita chini ya zulia, nyuma ya viti na juu ya dari ambamo watu kumi na wanne wameketi. Ndiyo maana kila fyuzi huwa na nambari yake, na katika magari mengi ya siku hizi rangi yake pia: nyekundu ni ampea 10, buluu ni 15, manjano ni 20, kijani ni 30. Nambari hiyo huchaguliwa kwa kuutazama unene wa waya. Ukubwa wa spika hauna neno hapo.

Sasa hebu tuitazame hali ilivyo katika barabara zetu. Gari likitoka kiwandani, wahandisi wamekwisha kupiga hesabu: waya huu mwembamba ni wa taa ya ndani, ule mnene ni wa taa kubwa za mbele, na kila mmoja una fyuzi inayoufaa. Gari hilo hilo, baada ya kutumika Japani kwa miaka kadhaa, huletwa Kenya na kufanywa matatu. Hapo huanza maisha mapya. Katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, na katika gereji nyingine nyingi za jua kali, huongezwa amplifaya, spika za kutikisa vioo, skrini za video, taa za rangi kwenye dari na matundu ya kuchajia simu. Serikali nayo iliongeza lake: kanuni za Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, kila matatu ilitakiwa iwe na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kifaa hicho nacho kinataka umeme.

Je, umeme huo wote hutoka wapi? Fundi mwenye haraka hutafuta waya wowote wenye umeme ulio karibu, akaumenya kwa meno au kisu, akazungushia waya wake mpya, akafunga kwa utepe mweusi. Kazi imekwisha. Siku chache baadaye fyuzi ya awali, ambayo haikukusudiwa kubeba mzigo wa nyongeza, huanza kukatika. Dereva hununua ya ampea 20 mahali pa 10. Hiyo nayo ikikatika, huweka ya 30. Ikikatika tena akiwa njiani, huvisha fyuzi iliyoungua karatasi ile inayong'aa kama fedha, itokayo ndani ya paketi ya sigara. Tangu wakati huo gari halina fyuzi. Kiungo dhaifu kuliko vyote sasa ni waya uliopita chini ya abiria.

Miaka michache iliyopita nilikuwa ndani ya matatu iliyotoka Thika kuelekea Nairobi. Hatukuwa mbali na Ruiru moshi ulipoanza kufuka chini ya kiti kilicho nyuma ya dereva, pamoja na ile harufu kali ya plastiki inayoungua. Dereva alizima injini mara moja. Moshi haukukoma, muziki nao uliendelea kunguruma. Abiria walisukumana kwenye mlango mmoja, na mama mmoja akampitisha mwanawe dirishani. Aliyetuokoa ni utingo, ambaye aliufunga mkono wake kwa fulana, akanyanyua kiti na kuung'oa waya. Baadaye, tukiwa tumesimama kando ya barabara, niliomba nionyeshwe. Waya wa amplifaya ulikuwa umepitishwa chini ya mguu wa chuma wa kiti, na kila mtu aliyeketi pale alikuwa akiusaga polepole hadi shaba ikagusa bodi. Ulitoka moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi ya ufunguo, na hiyo ndiyo sababu kuzima injini hakukufaa kitu. Fyuzi ilikuwapo. Ilikuwa imevishwa karatasi ya sigara.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuligeuza tukio hilo kuwa hesabu ya kidato cha tatu, na ningependa afanye hivyo. Tuchukue waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba na urefu wa mita 4. Kila mita ina ukinzani wa takriban omu 0.017, kwa hivyo waya mzima una kama omu 0.07. Ukigusa bodi ya gari upande wa mwisho, volti 12 zikigawanywa kwa 0.07 zinatupa zaidi ya ampea 170. Tupunguze, kwa sababu betri yenyewe na viungo vina ukinzani wao. Tuseme ampea 100 tu. Kanuni aliyoigundua Mwingereza James Joule katika miaka ya 1840 hutwambia kwamba joto hutegemea mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Mia mara mia, mara 0.07: wati 700. Hiyo ni nguvu inayokaribia ile ya pasi ya umeme, imemiminwa katika shaba yenye uzito wa gramu 36 hivi. Kila gramu ya shaba huhitaji jouli 0.39 tu ili ipande nyuzi moja ya selsiasi. Piga hesabu, msomaji, nawe utaona kwamba waya huo hupanda takriban nyuzi 50 kwa kila sekunde. Kabla hujatamka jina lako na la baba yako, plastiki imekwisha kulainika.

Jambo linalowapotosha wengi ni hofu yetu ya volti. Tumefunzwa, na tumefunzwa vyema, kuogopa volti 240 za nyumbani, kwa kuwa huua. Betri ya gari haitupigi tukiigusa kwa mikono mikavu, basi tunaidhania kuwa ni ya upole. Lakini birika la wati 2,400 nyumbani hutumia ampea 10, na ndani ya gari kifaa cha wati 120 tu hutumia ampea 10 zizo hizo. Amplifaya inayokula wati 600 huhitaji ampea 50. Waya haujali volti. Unachohisi ni mkondo. Mwanafunzi anayejua kuchagua fyuzi ya birika katika karatasi ya mtihani lakini asiyeweza kufanya hivyo kwa gari alilopanda asubuhi amejifunza nusu ya somo.

Yapo pia mambo ambayo vitabu vya shule huyapita haraka. Mojawapo ni imani kwamba fyuzi ya ampea 10 hukatika mara tu mkondo unapopita 10. Sivyo. Fyuzi za kawaida za gari hustahimili ziada ndogo kwa muda mrefu. Hata mkondo ukiwa maradufu, huenda ikachukua sekunde kadhaa kukatika. Kwa hivyo waya lazima uwe na uwezo unaozidi nambari ya fyuzi, ili uweze kuvumilia wakati fyuzi bado inasitasita.

Je, kazi ifanywe vipi basi? Nimewahi kuketi nusu siku nikimtazama fundi mmoja mzee, ambaye hakupita darasa la saba, akiongeza saketi ndani ya matatu kwa ustadi ambao ningetamani kila mhandisi kijana auone. Hakugusa waya hata mmoja wa kiwandani. Alivuta waya mmoja mnene kutoka betri, na kabla haujafika mbali, kadiri ya shubiri moja, akautia fyuzi kubwa. Nilimuuliza kwa nini hapo. “Mwalimu,” akanijibu, “sehemu iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Kwa nini niifanye ndefu?” Waya ulipofika kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, aliupitisha ndani ya tundu lenye mpira ili ukingo wa chuma usiukate. Chini ya dashibodi alifunga kisanduku kipya cha fyuzi, na kutoka humo kila kifaa kikapata njia yake na fyuzi yake: ndogo kwa taa za dari, ya wastani kwa matundu ya kuchajia, na kadhalika. Katikati aliweka relei, ile swichi inayofungwa na umeme wenyewe, akaiunganisha na ufunguo wa gari, ili dereva akitoa ufunguo vifaa vyote vilale na betri isikaushwe usiku. Nyaya za kurudi kwenye bodi alizifunga kwa skrubu mahali alipokwisha kupakwangua rangi. Mwisho akachukua kalamu akaandika juu ya kifuniko kila fyuzi ni ya nini. Kazi hiyo ya mwisho ilimchukua dakika mbili, na nadhani ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Wako wanaosema dawa ni kupiga marufuku nyongeza zote. Siungi mkono rai hiyo. Matatu zenye nakshi na muziki ni sanaa ya vijana wetu na riziki ya maelfu ya mafundi, na marufuku za namna hiyo tumeziona zikija na kwenda huku nyaya zikizidi kufichwa tu. Waya uliofichwa ili askari asiuone haukaguliwi na mtu yeyote. Afadhali mkaguzi afunue kifuniko cha fyuzi kuliko kuhesabu spika.

Lawama yangu naielekeza kwetu sisi wa elimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, tuliahidiwa kwamba mkono na kichwa vitafundishwa pamoja. Karakana zilijengwa kwa jasho la wazazi, na nyingi zikaishia kuwa maghala ya madawati mabovu. Mtaala wa umilisi, uliozinduliwa katika shule za kote nchini mwaka wa 2019, umerudia ahadi iyo hiyo kwa maneno mapya. Wakati huo wote maarifa yenyewe yamebaki yamekatwa vipande viwili: mwalimu ana kanuni ya Joule lakini hajafungua kisanduku cha fyuzi, na kijana wa gereji amefungua visanduku elfu lakini hakuna aliyemwonyesha kwa nini mkondo ukiongezeka maradufu joto huongezeka mara nne. Sioni kinachomzuia mkuu wa shule kumwalika fundi wa aina ya yule mzee wangu aje darasani kwa vipindi viwili, alipwe nauli na chai, na mwalimu wa fizikia asimame kando yake ubaoni.

Vifaa vya somo hilo ni vya bei nafuu. Uzi mmoja wa chuma kinachotumiwa kusugulia sufuria, ukiungwa kati ya betri kavu na globu ndogo, ni fyuzi kamili. Globu ikirukwa kwa kipande cha waya, uzi huo huwaka mwekundu na kukatika mbele ya macho ya darasa. Mwalimu aufanye mwenyewe, juu ya sinia yenye mchanga. Kisha wanafunzi watoke nje hadi kwenye basi la shule, dereva awafungulie kisanduku cha fyuzi, na kila mmoja aandike nambari anazoziona na aeleze waya gani unalindwa. Wasisahau kutazama betri kwanza. Mabasi mengi makubwa huwa na betri mbili zilizoungwa kwa mfuatano kupata volti 24, na huko kifaa cha wati 120 huhitaji ampea 5 badala ya 10.